MWAKA WA MAFANIKIO NI UPI?

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, ilinitaka niseme juu ya "Mafanikio", kisha ikaongeza chini, kwa mwandiko wa mkono, kwamba tafadhali nisilete hotuba ya ofisini. Nimeyaheshimu maombi yote mawili. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ya kila siku ni mipango na tathmini. Neno "mafanikio" hupita mezani kwangu mara nyingi kuliko kikombe cha chai. Kwa hiyo nimeona niliangalie neno hili mahali ambapo hapana mihuri wala majalada. Nitazungumza juu ya mabishano ya mashabiki wa bendi moja kongwe ya muziki wa roki, Rolling Stones ya Uingereza. Swali wanalobishania ni hili: je, mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa mafanikio kwa bendi yao, au haukuwa?

Najua wapo kati yenu watakaouliza, mabishano ya mashabiki wa muziki yana faida gani kwa mkutano kama huu? Nami najibu kwamba mabishano ya mashabiki ni darasa zuri sana la tathmini, kwa sababu hakuna anayelipwa posho. Kila mtu anasema analoliamini. Sisi tuliolala katika mabweni ya shule hii miaka ya tisini tunalifahamu jambo hilo. Tulibishana hadi taa zikazimwa kama mwaka ule ulikuwa wa Msondo au wa Sikinde, na hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa na hisa katika bendi yo yote. Mwenzetu mmoja wa bwenini ndiye aliyekuja na kaseti ya Rolling Stones, aliyopewa na mjomba wake baharia. Tangu siku hizo nimeifuatilia bendi hiyo kwa karibu.

Kwa ajili ya wadogo zangu, niieleze kwa ufupi. Bendi hii ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza London tarehe 12 Julai 1962. Mwimbaji wake, Mick Jagger, na mpiga gitaa wake, Keith Richards, wote walizaliwa Dartford mwaka 1943, nao walisoma shule moja ya msingi. Wakaachana. Wakaja kukutana tena mwaka 1961 katika kituo cha treni cha Dartford, Jagger akiwa ameshika santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, wanamuziki weusi wa Marekani. Kwa santuri zile wakaanza kuzungumza, na hawajamaliza hadi leo. Kwa hiyo, ndugu zangu, bendi hii kongwe kwa asili yake ni wanafunzi wawili wa zamani wa shule moja waliokutana stesheni. Nadhani hilo peke yake linanipa haki ya kuwataja katika mkutano huu.

Mpiga ngoma wao, Charlie Watts, aliingia mwaka 1963, akakaa katika kiti chake hadi alipofariki tarehe 24 Agosti 2021. Ronnie Wood, mpiga gitaa wa pili, alijiunga nao katikati ya miaka ya sabini, na baada ya miaka hamsini hivi bado wapo wanaomhesabu kuwa mgeni. Mwaka 2024 walikuwa wamebaki hao watatu: Jagger na Richards wenye miaka themanini, na Wood aliyetimiza miaka 77 mwezi Juni.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe. Mnamo tarehe 20 Oktoba 2023 bendi ilitoa albamu iitwayo Hackney Diamonds. Jina hilo ni lugha ya mitaani ya London, nalo lina maana ya vipande vya kioo vinavyobaki chini baada ya dirisha kuvunjwa. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya walizotunga wenyewe tangu mwaka 2005, yaani baada ya miaka kumi na minane. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na nafasi ya tatu Marekani. Kisha, tarehe 28 Aprili 2024, wakaanza ziara katika mji wa Houston, na kuimaliza tarehe 21 Julai katika kijiji cha Ridgedale, jimbo la Missouri. Yalikuwa maonyesho ishirini, karibu yote Marekani, na moja Vancouver, Kanada. Kwa hesabu za jarida la Billboard, ziara hiyo iliingiza kiasi cha dola milioni 235 kwa tiketi zipatazo 848,000. Mwisho, tarehe 2 Februari 2025, albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, mwaka 1995, ilikwenda kwa bendi hiyo hiyo.

Msikilizaji anaweza kusema: basi, yamekwisha, mabishano ya nini tena? Hapo ndipo mashabiki wanapoanza.

Upande wa kwanza husema hivi. Wazee wa miaka themanini wamejaza viwanja vya mpira usiku baada ya usiku. Jagger, ambaye alibadilishwa vali ya moyo mwaka 2019, anakimbia jukwaani kwa muda wa saa mbili. Richards ana ugonjwa wa baridi yabisi katika vidole, lakini gitaa hajaliweka chini. Albamu ni mpya, nyimbo ni mpya, na tuzo imekuja. Mnataka nini zaidi?

Upande wa pili nao husema hivi. Ziara ya maonyesho ishirini katika bara moja si ziara, ni matembezi. Mashabiki wa Ulaya, ambako bendi ilizaliwa, hawakuona hata onyesho moja mwaka ule. Katika kila onyesho zilipigwa nyimbo kama kumi na nane, lakini za albamu mpya zilikuwa chache sana. Nyingine zote ni zile zile, na kufungia ni Satisfaction, wimbo wa mwaka 1965. Kiingilio nacho ni cha matajiri. Na zaidi ya yote, Charlie hayupo. Mashabiki wengine husema waziwazi kwamba Rolling Stones bila Charlie Watts ni jina tu.

Kuna jambo jingine linalotajwa kwa kicheko na pande zote mbili. Mfadhili wa ziara ile alikuwa AARP, chama kikubwa cha Wamarekani wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea. Upande wa kwanza unaona fahari: wazee wenzao wamewaunga mkono. Upande wa pili unasema, tazameni wenyewe, muziki wa vijana sasa unalipiwa na wastaafu. Sisi watumishi wa Serikali tunaokaribia miaka hiyo, tucheke kwa uangalifu.

Ndugu Mwenyekiti, mtu wa tathmini akisikia mabishano kama haya hakimbilii kutoa hukumu. Huuliza maswali kwanza. Nami ninayo manne.

Swali la kwanza ni hili: mwaka unaanza lini na kwisha lini? Ukifuata kalenda ya ukutani, mwaka 2024 una ziara tu. Albamu ilitoka mwaka uliotangulia, na tuzo ikaja mwaka uliofuata. Ndiyo maana wanaosema kwamba mwaka 2024 haukuwa na kitu kipya wana hoja. Lakini chukua mwaka wa fedha wa Serikali yetu, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Katika mwaka wa 2023/24 utaikuta albamu na sehemu kubwa ya ziara, vyote ndani ya jalada moja. Bendi haikubadilika, wala nyimbo hazikubadilika. Tumesogeza mstari wa kalenda tu, na mwaka uliokuwa wa kawaida umekuwa wa neema. Nimeona taarifa nyingi maishani mwangu ambazo siri yake yote ilikuwa katika mstari huo.

Swali la pili: kipimo ni kipi, na kiliwekwa lini? Tuseme kipimo ni fedha. Ziara yao ya 2005 hadi 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 550, lakini iliwachukua maonyesho zaidi ya 140. Mwaka 2024, kwa maonyesho ishirini tu, walifikia zaidi ya theluthi moja ya fedha hizo. Mhasibu atasema ufanisi umeongezeka kwa ajabu. Lakini gawanya dola milioni 235 kwa tiketi 848,000, utapata wastani wa dola 277 kwa tiketi moja, yaani zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania kwa viwango vya mwaka ule. Kwa hiyo ufanisi ule ulitoka kwa kiasi kikubwa katika mfuko wa shabiki. Mhasibu anaiita fedha ile mapato, na shabiki aliyekopa ili aingie anaiita deni. Wote wawili wanasema kweli juu ya kiasi kile kile cha fedha. Tofauti yao ni mahali waliposimama, na mtoa taarifa lazima aseme yeye amesimama wapi.

Tena kipimo hutakiwa kuwekwa kabla ya mchezo kuanza. Mashabiki wengi, na hapa siwatofautishi kwa upande, huanza na hukumu halafu wakatafuta kipimo kitakachoifaa. Anayeipenda bendi akiona fedha ni nyingi, kipimo kinakuwa fedha. Fedha zikiwa kidogo, kipimo kinakuwa sanaa. Hiyo ni sawa na kutunga sheria za mpira baada ya filimbi ya mwisho.

Swali la tatu: hukumu inatolewa mapema kiasi gani? Mwezi Mei 1972 bendi hii ilitoa albamu ya Exile on Main St., santuri mbili kwa pamoja. Wachambuzi kadhaa wa siku zile hawakuridhika nayo. Waliona imejaa mno na haikupangika. Leo wachambuzi wengi wanaihesabu miongoni mwa albamu bora kabisa za roki, na wapo wanaoona kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za bendi hiyo. Ungefunga hesabu mwezi Juni 1972, ungeandika jambo moja. Ungezifunga miaka ishirini baadaye, ungeandika jingine. Sisemi kwamba tusitoe hukumu mpaka tufe. Ofisi haiwezi kwenda hivyo, wala shule haiwezi. Nasema tu kwamba hukumu ya mwisho wa mwaka iandikwe kwa penseli.

Swali la nne ndilo gumu, nami naomba mnisikilize kwa makini: ni nani hakuhesabiwa?

Twende mwaka 1969. Kwa hesabu za muziki, huo ni mwaka mkubwa kwa Rolling Stones. Tarehe 5 Julai walipiga bure katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya umati mkubwa, siku mbili tu baada ya kifo cha Brian Jones, mmoja wa waasisi wao. Kisha wakafanya ziara kubwa ya Marekani. Tarehe 5 Desemba ikatoka Uingereza albamu ya Let It Bleed, ambayo hadi leo inasifiwa. Lakini siku iliyofuata, tarehe 6 Desemba, walifanya onyesho la bure katika uwanja wa mashindano ya magari wa Altamont, California. Ulinzi wa jukwaa waliachiwa watu wa kundi la wapanda pikipiki liitwalo Hells Angels. Katika fujo zilizozuka, kijana mweusi wa miaka kumi na minane, Meredith Hunter, alichomwa kisu na mmoja wa kundi hilo, akafa karibu kabisa na jukwaa, bendi ikiwa inaendelea kupiga.

Sasa chukua daftari la mwaka 1969 la bendi ile. Fedha zimo. Santuri zimo. Idadi ya watazamaji imo. Meredith Hunter utamwandika katika safu ipi? Daftari la mapato halina safu yake. Mwaka unaweza kujazwa kila safu kwa usahihi, mkaguzi akapitisha, na bado ukawa umemwacha nje mtu ambaye kwake mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Mashabiki waungwana wanaoipenda albamu ile hawasahau kuitaja Altamont kila wanapoutaja mwaka 1969. Hawaitaji kwa kuichukia bendi. Wanaitaja kwa sababu wanaijua vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya maswali yote hayo itakuwa si haki nikishuka hapa bila kusema msimamo wangu. Mimi nahesabu mwaka 2024 kuwa ulikuwa wa mafanikio kwa bendi ile, na sababu yangu si fedha wala tuzo.

Sababu yangu ni namna walivyowatendea waliowatangulia na wanaowafuata. Katika albamu ile ya 2023, nyimbo mbili zina ngoma za Charlie Watts, alizorekodi kabla ya kufariki. Hawakumfuta ili waonekane wapya. Katika moja ya nyimbo hizo walimwita Bill Wyman, mpiga gitaa la besi aliyewaacha mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaja kupiga tena pamoja na ngoma za mwenzake. Kiti cha Charlie wamempa Steve Jordan, mtu aliyekuwa akifanya kazi na Richards tangu miaka ya themanini, wala hawakumwokota njiani. Na wimbo wa mwisho wa albamu ni wa Muddy Waters, ule ule wa mwaka 1950 ulioipa bendi jina lake. Wanaupiga Jagger na Richards peke yao, sauti, gitaa na kinanda cha mdomo. Wenye miaka themanini wamerudi kwenye santuri ya stesheni ya Dartford na kusema: tulianzia hapa, kwa mzee huyu. Si mara ya kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1965, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni huko Marekani, walisisitiza kwamba mzee Howlin' Wolf naye apewe nafasi ya kuimba, wakati ambapo televisheni za huko hazikuwa na nafasi nyingi kwa watu weusi wa muziki wake.

Zaidi ya hapo, walithubutu kupiga nyimbo mpya mbele ya umati uliokuja kwa ajili ya nyimbo za zamani. Ni kweli zilikuwa chache. Lakini kila mpiga muziki anajua kwamba wimbo mpya ndiyo wakati watu wanapokwenda kununua soda. Bendi yenye jina kama lile ingeweza kuishi kwa nyimbo za 1965 hadi mwisho wa dunia, na kiingilio kisingepungua hata senti. Wao waliona aibu kufanya hivyo.

Napunguza alama kwa kiingilio. Napunguza alama pia kwa mabara waliyoyaacha. Sisi wa Afrika hatuna hata la kulalamika kuhusu mwaka 2024, maana tunakumbuka walipofika Johannesburg mwaka 1995. Lakini hata baada ya kupunguza, kwangu mimi mwaka ule umepita. Anayebisha nitamkuta wakati wa chakula.

Sasa niende kwetu, nami sitachukua muda.

Asubuhi tumesikia taarifa ya Katibu. Imesema kwamba mwaka huu umekuwa wa mafanikio kwa chama na kwa shule. Wanachama wengi wamelipa ada. Bweni moja limepakwa rangi na kuezekwa upya. Asilimia ya waliofaulu mtihani wa Kidato cha Nne imepanda. Tukapiga makofi, nami nilipiga pia, kwa sababu yote hayo ni kweli na kuna watu waliotoa jasho. Lakini nilipokuwa napiga makofi nilimsikia ndugu mmoja nyuma yangu akiguna. Nimefikiri juu ya mguno ule tangu asubuhi, nami naona ulikuwa na haki ya kusikika.

Asilimia ya waliofaulu huhesabiwa kutoka kwa waliokaa katika chumba cha mtihani. Hivyo ndivyo hesabu hiyo inavyofanywa kila mahali, na hapana udanganyifu ndani yake. Lakini kijana aliyeandikishwa Kidato cha Kwanza, akaondoka Kidato cha Pili kwa sababu baba alifariki, au kwa sababu nauli ya kutoka likizo ilikosekana mara mbili mfululizo, au kwa sababu aliugua na hakuna aliyemfuata nyumbani, huyo hayumo katika asilimia hiyo. Hakufaulu wala hakufeli, hayumo tu. Tena, ndugu zangu, wakiondoka walio dhaifu, asilimia hupanda. Inawezekana kabisa shule ikapata mwaka mzuri kwa sababu ya kupoteza watoto. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo hapa kwetu. Nasema kwamba taarifa ya leo, kama ilivyoandikwa, haiwezi kutuambia.

Kila mmoja wetu hapa anaweza kumtaja mwenzake wa namna hiyo. Katika mkondo wangu alikuwepo kijana aliyekuwa akitushinda wote kwa hesabu. Alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani katikati ya muhula, tukampa barua za kupeleka posta, na hakurudi. Kitanda chake kilipewa mtu mwingine wiki mbili baadaye. Mwaka ule shule yetu ilipongezwa kwa matokeo mazuri.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, Ndugu Mwenyekiti, nayo ninayatoa leo kwa makusudi, kabla mwaka wa chama haujaanza, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba sheria zimetungwa baada ya filimbi.

La kwanza: taarifa ya mwakani ianze na daftari la uandikishaji la Kidato cha Kwanza, si na orodha ya mtihani. Tuambiwe waliingia wangapi miaka minne iliyopita, wako wapi wote, na wale wasiofika Kidato cha Nne walikwama wapi. Ikiwa idadi hiyo itatutia aibu, na itutie. Aibu ya namna hiyo ina dawa.

La pili: katika fedha za chama itengwe sehemu kwa ajili ya nauli na mahitaji madogo ya wanafunzi walio katika hatari ya kuacha masomo, na Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Malezi na mwakilishi wetu mmoja wawe na uwezo wa kuitoa bila kusubiri mkutano mkuu. Nauli ya basi haingoji kikao. Nimekwisha zungumza na wenzangu wa mkondo wetu, nasi tutaanzisha mfuko huo kwa mchango wetu mwezi huu, hata kama pendekezo litahitaji kwanza kujadiliwa.

La tatu linatuhusu sisi wa zamani wenyewe. Kila mkutano tunaimba zile zile: timu yetu ya mpira ya mwaka fulani, mwalimu wetu mkali wa mwaka fulani, kiranja aliyemfukuza fisi kwa ndoo. Ni nyimbo tamu, nami naziimba pia. Lakini basi katika kila mkutano uwepo na wimbo mmoja mpya, yaani kazi moja iliyofanywa mwaka ule ule, ambayo mwanafunzi wa leo anaweza kwenda kuishika kwa mkono wake.

Nanyi wadogo zangu, kwenu nina neno moja tu. Mwezi ujao baadhi yenu mnaingia katika chumba cha mtihani. Someni, maana alama zina kazi yake, na atakayewaambia vinginevyo pengine yeye amekwisha pata zake. Lakini mkirudi bwenini leo, tazameni vitanda. Kama kipo ambacho mwenye nacho ameondoka na hajarudi, andikeni jina lake na kijiji chake kwenye karatasi, mmpe Mwalimu wa Malezi. Sisi tutaanza na karatasi hizo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mapendekezo haya yajadiliwe mchana huu, kabla ya mechi.